Sitara Haina Mwenyewe

Ijumaa ile Da Hidaya Mngumi alikuwa anahamisha mtaa mzima, na hakuna aliyefunga hata kibegi.

Watu wa Mwambani Mpya walibaki majumbani mwao, na nguo zao zilibaki kwenye kamba. Kilichokuwa kinahama ni vihuduma, vile viprogramu vidogo vidogo visivyoonekana. Kimoja kinafungua geti, kimoja kinapandisha maji ghorofani, kingine kinachukua umeme wa jua uliozidi kwenye paa hili na kuupeleka kwenye lile lililopungukiwa. Vilikuwa mia mbili na ushei, kila kimoja na kazi yake moja, na vyote viliishi ndani ya Sanduku. Sanduku lilikuwa mashine ya kimo cha kabati la nguo, limekaa sebuleni kwa Hidaya miaka nenda rudi, linanguruma kama paka aliyeshiba. Lilikuwa na joto zuri. Ukiweka sahani ya vitumbua juu yake havipoi, na ndiyo maana sebule ile haikuwahi kukosa watu.

Sasa Jiji lilikuwa limetoa tamko. Masanduku ya mitaani yamezeeka, yanakula umeme, yanaungua. Yazimwe yote, na vihuduma vihamie kwenye Sajili, huko mawinguni, kampuni ivitunze mchana na usiku. Kampuni nayo ilikuwa imemtuma kijana wake kusimamia, Elisante Lyatuu. Alikuwa mpole, shati limepigwa pasi, kishikwambi mkononi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na chai yake, kwa sababu viti vyote vilikuwa na wenyewe.

"Shoga'angu," Mwantumu wa nyumba ya pili alimnong'oneza Hidaya kwa sauti iliyofika getini, "huyu kijana ameoa?"

"Si umuulize mwenyewe."

"Nimeoa, mama," Lyatuu alijibu bila kuinua macho.

"Haya, kunywa chai baba. Bahati yako imekupita."

Sebule ikacheka. Hidaya naye akacheka, lakini vidole vilikuwa kazini. Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu, ila ilitaka utulivu. Ndani ya Sanduku kila kihuduma kilibeba mipangilio yake tumboni: nani afunguliwe geti, maji yapande saa ngapi. Huko Sajili mipangilio yote inakaa mahali pamoja, na kihuduma kinaiomba kikiihitaji. Lakini ili kikubaliwe, lazima kitaje jina lake, kazi yake na mwenyewe. Kisha kiwe kinatuma pigo, kama moyo. Pigo likikosekana, Sajili inakihesabu maiti na kukifuta.

"Tujaribu," alisema Lyatuu. "Tunageuza mtaa mzima kwenda Sajili kwa saa moja. Mambo yakikaa sawa, alasiri tunazima Sanduku moja kwa moja."

Hidaya akasema bismillahi, akabonyeza.

Kioo kilikuwa chekundu, kikaanza kuwa kijani mstari kwa mstari. Geti likapiga pigo. Pampu ikapiga. Taa za uani zikafumba na kufumbua kama mtu aliyeamshwa. Sebule ikapiga makofi, Mwantumu akapiga kigelegele, na Lyatuu akasimama kupeana mkono. Hakuna kosa hata moja kwenye kioo.

Ndipo kutoka ghorofa ya tatu ikasikika sauti ambayo mtaa mzima ulikuwa umeizoea viwanjani.

"Hidaya! We Hidaya! Njoo huku!"

*

Mzee Mbaruku alichezesha mpira wa miguu mpaka magoti yalipomkataa, na hadi leo Tanga nzima ilimwita Refa. Sifa yake ilikuwa moja: hakuwahi kupokea kitu cha mtu. Timu ikimletea soda baada ya mechi, anairudisha na kifuniko chake. Alipostaafu, tabia hiyo akaja nayo nyumbani. Ukimpelekea sahani anakushukuru kwa adabu zote, kisha anakurudishia ilivyo. Mkewe Bi Asiata alipougua mapafu na kuwekewa mashine ya hewa, majirani walikuja na mapochi na vikapu. Refa alisimama mlangoni, akawaambia Mungu awazidishie, wao wanajitosheleza. Watu walikwenda mara mbili tatu, kisha wakaacha kwenda.

Hidaya alipanda ngazi akihema. Chumbani mashine ya Bi Asiata ilikuwa inalia mlio wa juu, ule wa kusema umeme unaniishia. Bi Asiata alikuwa ameketi kitandani ameshika ubao wa kitanda, mdomo umefunguka, macho yametulia kuliko ya kila mtu mle ndani.

"Asubuhi mita yangu ilikuwa imejaa!" Refa alifoka. "Imejaa pomoni! Sasa ona, asilimia nne! Mmenifanya nini nyinyi na mawingu yenu?"

Hidaya alichomoa simu. "Lyatuu, rudisha! Rudisha kila kitu kwenye Sanduku, sasa hivi, usiniulize!"

Punde si punde mashine ikanyamaza. Ikaanza tena kuvuta na kusukuma kama kawaida, na kifua cha Bi Asiata kikafuata. Refa akaegemea ukuta. Pale ukutani, juu ya bega lake, mita ikaruka kutoka nne hadi mia moja.

"Unaona?" alisema, akipangusa jasho. "Paneli zangu ni za zamani, chuma kitupu, siyo haya maplastiki yenu. Hazijawahi kuniangusha. Ni hao watu wako."

"Ndiyo, mzee. Samahani sana, mzee."

Lakini macho yake yalikuwa kwenye mita. Hidaya hakusoma chuo, alisomea kibandani kwa kufungua simu za watu, na kitu kimoja alikijua kama jina la mama yake: betri haijai kwa kufumba na kufumbua. Inajaa polepole, kama ndoo. Mita ikiruka namna ile, maana yake inasema uongo.

Alipogeuka kutoka, aliona Bi Asiata anamtazama yeye, si mita.

*

"Hiki hapa," alisema Lyatuu.

Hidaya alikuwa amewaondoa watu wote sebuleni, jambo ambalo halijawahi kutokea, na Mwantumu alikuwa ametoka akigeuka nyuma kila hatua. Walibaki wawili mbele ya Sanduku. Chini kabisa, nyuma ya kihuduma cha pampu, kulikuwa na kingine kidogo, hakina mwenyewe. Jina lake Sitara.

Hidaya aliutambua mwandiko wake kabla hajausoma. Ulikuwa wa marehemu Fundi Kihiyo, aliyemfundisha kazi. Fundi Kihiyo aliamini hata programu inahitaji kulelewa. Vihuduma vyake vilitafutana kwa hodi: kikiamka kinapiga hodi mtaani, wenzake wanajibu karibu, kazi inaanza. Na sheria yake ilikuwa ile ile ya nyumbani: hodi tatu, usipoitikiwa ondoka zako, usigombe na wenye nyumba.

"Kwa hiyo kilikwenda Sajili kikapiga hodi," Hidaya alisema taratibu. "Sajili ikakiuliza mwenyewe ni nani. Hakina. Kikapiga ya pili, ya tatu. Kikaondoka."

"Bila kuandika kosa?"

"Fundi Kihiyo angekitandika kama kingeandika kosa. Ungekuwa ni utovu wa adabu."

Lyatuu alijaribu asicheke, akashindwa, kisha wote wawili wakaacha kucheka kwa pamoja. Adabu ile ilikuwa imebakiza asilimia nne tu kumuua mtu.

Wakakisoma chote. Kila nyumba iliyohamia Mwambani Mpya iliulizwa siku ya kwanza kama inakubali tone la umeme wake liende kwa mwenye haja, asiyetajwa. Karibu wote walikubali wakasahau. Sitara ilikusanya yale matone ikayapeleka ghorofa ya tatu. Kisha, na hapa Hidaya alisoma neno kwa neno mara mbili, iliiambia mita ya Refa ionyeshe mia moja, siku zote, jua liwake au mvua inyeshe. Mtoaji hakumjua mpokeaji, na mpokeaji hakujua kama anapokea.

Hidaya alifikiria sahani za futari zinavyopita mtaani Ramadhani. Hakuna anayepeleka sahani bila kawa juu yake. Jirani anajua kuna chakula, hajui kama ni pilau au muhogo mkavu, na hivyo hakuna anayemzidi mwenziwe. Fundi Kihiyo alikuwa amefuma kawa la umeme.

"Sajili haipokei mita inayosema uongo," alisema Lyatuu. "Hilo halina mjadala, ndiyo sheria ya kwanza. Kinaweza kuandikwa kama msaada. Ila msaada lazima uwe na jina la mpokeaji, na majina yanabandikwa kwenye kioo cha uani kila mwezi, watu wasije wakasema kuna wizi."

"Umbandike Refa Mbaruku uani? Bora umvue shati sokoni."

Lyatuu alikizungusha kishikwambi mikononi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba asisikiwe na kishikwambi chenyewe, "Da Hidaya, mimi pia nina mama mgonjwa. Ukiandika hii ni taa ya ngazi, mimi vitu mia mbili sivisomi kimoja kimoja. Taa haina masuala. Mwenyewe andika mtaa."

Mzigo ukamtoka Hidaya mabegani. Taa ya ngazi! Rahisi hivyo. Refa abaki na paneli zake za chuma kitupu, bibi aendelee kupumua, mtaa uendelee kutojua. Alishaanza kuandika, *t*, *a*, alipokumbuka kuuliza.

"Umeme wa Jiji ukipungua, kama kiangazi kile, Sajili inakata nini kwanza?"

Lyatuu alikilaza kishikwambi mapajani.

"Taa," alisema.

"Na mashine ya mgonjwa?"

"Mwisho. Baada ya kila kitu. Lakini lazima iwe imeandikwa ni mashine ya mgonjwa, na mgonjwa ni nani."

Hidaya akafuta zile herufi mbili. Huko mawinguni hakuna jirani. Hakuna wa kusikia mlio wa mashine akapanda ngazi mbio. Kuna kile ulichosema wewe ni nani, basi.

"Nina hadi saa kumi?"

"Hadi saa kumi."

*

Mlangoni Mwantumu alikuwa anapepeta mchele uliokwisha pepetwa.

"Kuna nini huko juu?"

Hidaya alifungua mdomo. Mbele ya Mwantumu ulikuwa na mazoea ya kufunguka wenyewe. Mimba, talaka, posa iliyokataliwa, vyote vilikuwa vimepita pale mlangoni vikiwa bado vya moto. Na hii ilikuwa tamu kuliko zote: yule asiyepokea soda, kumbe! Aliisikia kabisa ikimkaa kwenye ulimi.

"Waya," alisema. "Waya umelegea."

"Waya," Mwantumu alirudia, akimtazama kama anamtazama mgeni.

Refa alikuwa amekwenda swala ya Ijumaa. Hidaya alilingoja hilo, na kulingoja hakukumfurahisha. Njia nzima ya ngazi alikuwa akijiuliza amwambie nani. Refa, mwenye mita? Refa angelizima mwenyewe kwa mkono wake, kisha aanze kuhangaikia betri ambayo hana uwezo nayo, na mkewe akipumua kwa kubahatisha. Asimwambie mtu, aandike tu jina? Hiyo ni kumvizia mtu. Kufika ghorofa ya tatu ndipo lilipomjia, jepesi hata akajionea haya. Umeme ule haukuwa wa mwenye mita. Ulikuwa wa anayepumua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bi Asiata alionyesha ukingo wa kitanda. Alikuwa anasema maneno machache, anangoja mashine, anasema mengine. "Umekuja... kuniambia mita ni ya uongo."

Hidaya akakaa bila kutaka.

"Masika ya mwaka jana," Bi Asiata aliendelea, "mvua haikukatika... hata nguo za ndani hazikukauka. Mita imejaa. Mwenzangu anasema, unaona paneli zangu? Mimi ni mgonjwa, Hidaya. Si mjinga."

"Na hukusema."

"Ningemwambia nani? Yeye angezima. Nyinyi... mngejua kama najua." Akangoja pumzi. "Nikanyamaza. Lakini kupokea usiku na mchana, usimjue wa kumwambia ahsante, mwanangu... nacho ni kiu. Watu walikuwa wakija humu. Walikuwa wanakaa hapo ulipokaa."

Hidaya alimweleza yote, hakupunguza. Sajili, kioo cha uani, jina. Na taa ya ngazi pia alimweleza, kwa kuwa ilikuwa njia na ilikuwa haki yake kuijua. Kijana wa watu alikuwa tayari kufumba macho.

"Mwambie ahsante. Mimi siyo taa." Bi Asiata alinyoosha mkono utafute simu. "Inataka nini, sauti yangu?"

"Sauti yako, na ukubali. Lakini bibi, mzee..."

"Mzee nitamwambia mimi. Nimelala naye miaka hamsini... halafu habari yangu apelekewe na wewe? Na mdomo wako huo usio na komeo?"

Akacheka, kicheko kikamkaba, mashine ikamsaidia. Kisha akaisogeza simu karibu, akasema jina lake lote, la baba na la babu, na akasema anapokea. Alilisema neno hilo wazi, kama mtu anayekula kiapo.

*

Saa kumi Hidaya alizima Sanduku. Ngurumo ikashuka, ikashuka, ikaisha, na sebule ikawa na ukimya uliowafanya watu waangaliane. Juu, mashine ya Bi Asiata haikulia. Huko Sajili kulikuwa na mstari mpya wa kijani, una jina la mtu, unapiga pigo. Mita ya Refa sasa ilisema kweli: robo ya kwake, robo tatu ya watu.

Refa aliporudi kutoka msikitini, baada ya swala ya alasiri, mlango wa ghorofa ya tatu ulifungwa, na haikusikika sauti. Hidaya alikaa ngazini akisubiri akemewe. Afadhali kukemewa. Kesho yake alipompita uani akamwambia shikamoo mzee, Refa alipita kama anapita nguzo. Keshokutwa hali kadhalika. Mtu mzima kukataa kuitika shikamoo ni jambo zito.

Majina yakabandikwa Jumatatu. Watu wakajaa mbele ya kioo kuliko siku ya matokeo ya mtihani. Kibwana, mume wa Mwantumu, aliyewahi kuwa mshambuliaji hatari enzi zake, alisoma, akarudia, akashika kiuno.

"Yaani ngoja kwanza. Umeme wa paa langu unakwenda kwa Refa? Yule aliyeninyima penalti ya fainali? Miaka yote hii namwashia taa?"

"Si umkatie," alisema Mwantumu.

"Nimkatie Bi Asiata pumzi? Mimi mwendawazimu?" Akatazama juu, ghorofa ya tatu. "Ila ile ilikuwa penalti. Na leo atanisikia."

"Hidaya!" Mwantumu alimgeukia shoga yake. "Waya umelegea, eh? Waya! Ulijua ukanyamaza, wewe?"

"Haikuwa yangu ya kusema."

Mwantumu alimkodolea macho. "Basi Kiyama kimekaribia," alisema, akajifunga kanga vizuri, akamfuata mumewe ngazini. Nyuma yao wakafuata wengine, mmoja baada ya mwingine. Wengine hawakujua wanakwenda kufanya nini, ila walijua wana tone lao huko juu na wanataka kuliona.

Hidaya hakwenda. Alibaki mlangoni pake akisikiliza. Akasikia hodi ya Kibwana, kisha kimya kirefu cha mtu aliyesimama katikati ya mlango wake. Kisha, kutoka ndani kabisa, nyembamba lakini haina wasiwasi, sauti ya Bi Asiata: "Waache waingie, mume wangu."

Viatu vikavuliwa, vingi. Baadaye kidogo ugomvi wa penalti ukapamba moto, Kibwana akiapa beki alishika kwa mkono, na katikati yake Bi Asiata akiuliza mtu mmoja mmoja: wewe mtoto wa nani, paa lako ni lipi, ahsante, na wewe je, ahsante mwanangu. Mtu akaangua kicheko. Kitanda kikalia kwa uzito wa waliokaa.

Hatua zikashuka ngazi, nzito, za magoti mabovu. Hidaya alisimama wima. Refa Mbaruku alifika chini, akasimama mbele ya mlango wake, mikono nyuma, macho kwenye kizingiti.

"Shikamoo, mzee," alisema Hidaya, ingawa alishakata tamaa.

Juu watu wakacheka tena.

"Marahaba," alisema Refa. Akakohoa. Akaiangalia sebule iliyonyamaza, akaangalia ngazi alikotoka, na ilimchukua muda, kama mtu anayeinua kitu asichowahi kukiinua.

"Hidaya, wamejaa chumba kizima, na chai nimeshabandika," alisema. "Nina vikombe viwili tu, changu na chake. Naomba uniazime."

"Vingapi, mzee?"

Refa aliinua uso akasikiliza juu, akijaribu kuhesabu sauti, akashindwa.

"Nipe ulivyo navyo."